Kuhamia Nyumba Ileile

Kompyuta yetu ilianza kutuaga mwezi wa tano.
Kila ukiiwasha, ujumbe wa bluu:
muda wako umekwisha, mashine hii haifai tena,
nunua nyingine.
Haifai!
Kama ng'ombe aliyekauka maziwa,
na huku ilikuwa bado inanitunzia leja ya kikundi,
majina arobaini na moja ya kufa na kuzikana,
hapa Rau, nyuma ya mashine ya kusaga.

Fundi wa Double Road alisema, leta elfu thelathini,
nakuwekea ile mpya, ya kuvunja kufuli.
Mara ya kwanza aliponivunjia kufuli
waliingia na wasioalikwa:
matangazo ya viatu, ya wachumba,
na kirusi kimoja kilichomeza picha za kipaimara.
Nikasema asante.
Nikarudi na mashine yangu mapajani, ndani ya kanga.

Aikaruwa akaja likizo na flashi shingoni,
imefungwa pamoja na funguo za hosteli.
"Mama, humu mna nyumba nzima. Bure, na ni halali."
Nikaitazama. Ukubwa wa kidole gumba.

Tulitoa vyombo nje kwanza:
picha, barua, leja, mahubiri ya baba yake,
kimoja kimoja, kama siku ya kupaka chokaa.
Kisha skrini ikauliza: nifute vyote?
Kidole changu kikasimama pale
hadi chai ikachemka, ikafurika, ikazima jiko.
Akabonyeza yeye.

Umeme ukakatika kwenye asilimia sitini na mbili.

Hakuna aliyesema kitu.
Gizani haikuwa ya zamani wala mpya,
ilikuwa bati tu lenye joto,
nyumba iliyoezuliwa na mvua ikaanza.
Tulirudia alfajiri.

Nisiseme uongo, wiki ya kwanza niliichukia.
Printa iligoma siku tatu
na Mama Ndeonansia anangoja risiti yake ya rambirambi,
nikamwandikia kwa mkono, kwa aibu.
Mzee Kundaeli alizitafuta karata zake kila kona;
alipozipata zina migongo ya rangi nyingine
akasema wamemwibia shupaza.

Ila jioni moja Aikaruwa akagusa mahali
na menyu zikageuka Kiswahili.
Faili. Hariri. Mwonekano. Ghairi.
Ghairi!
Neno la mwalimu wetu kutoka Pangani,
tulilomcheka nalo darasa la sita.
Si zote. Nusu zimebaki Kiingereza,
kama mkeka ambao msukaji aliuacha akaitwa msibani.
Na mahali pamoja wameandika "hifadi",
herufi imeanguka njiani.
Lakini mtu aliketi usiku, bila mshahara,
akanifikiria mimi asiyenijua,
akapima maneno, akachagua: ghairi.
Ningejua anakoishi
ningempelekea mkungu wa mshare.

Miaka tisa, nyuma ya leja yangu,
kilikaa kilima cha kijani cha watu,
hakina mgomba, hakina mtu, hakina hata njia.
Na dirisha langu la mbao nimeliziba kwa pazia
ili mwanga usisumbue lile la kioo.
Siku printa ilipokubali, nikalivuta.
Kibo ilikuwa mawinguni, kama kawaida yake mchana.
Niliangalia mawingu, basi.

Ubavuni mwa mashine kile kibandiko bado kipo,
dirisha la rangi nne.
Aikaruwa alikikwangua kwa ukucha, kikatoka kipembe.
Nikamwambia kiache.
Hata mimi nimeolewa miaka thelathini
na kwa kina mama mkwe bado wananiita wa Machame.

Leja, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu:
Kuhama. Flashi moja, ya kuazima.
Maandazi sita. Mafuta ya taa.
Leseni: —
Printa: siku tatu, hazirudishwi.